Salamu Pasi na Maneno: Wachezaji wa Michezo ya Video Wanavyoelewana

Watu wanne wakaapo barazani kucheza dumna, wawili wawili, kuna jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Wachezaji hupiga kelele, hutaniana na kuchekana, lakini kuhusu mawe waliyoyashika hakuna anayetamka neno. Kumwambia mwenzio una jiwe gani ni hila, tena ni aibu. Hata hivyo mwenzio anajua. Anajua kwa jiwe uliloliweka mapema, kwa lile ulilolizuia, na zaidi ya yote anajua pale ulipopita zamu kwa kukosa tano. Kila tendo ndani ya mchezo ni habari, na mshirika mwema ni yule awezaye kuisoma.

Tumeanza na dumna kwa sababu ndiyo njia ya karibu ya kulifahamu jambo ambalo vijana wetu wanalifanya kila siku mbele ya kioo cha televisheni, nasi wazazi tukipita twaona mataa tu yakimetameta. Michezo ya video tuliyoizoea ni ile ya kushindana, kama vile kandanda inayochezwa kwa malipo katika vibanda vya mitaani. Lakini iko aina nyingine, nayo ni michezo ya ushirikiano. Humo wachezaji wawili, watatu au wanne huwa upande mmoja, wakisaidiana kuvuka taabu ambazo mchezo wenyewe umewawekea. Kwa njia ya intaneti, mmoja aweza kuwa Mombasa na mwenziwe Brazil. Hawajuani kwa sura wala kwa jina, na pengine hawana lugha wanayoijua wote wawili. Je, wataelewanaje hata wafanikiwe?

Jawabu lililo rahisi ni kumpa kila mchezaji kipaza sauti azungumze. Faida yake haikataliki, hasa kwa marafiki wanaojuana. Lakini wazee walisema kwamba ulimi hauna mfupa. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia husema asiyoweza kuyasema mbele ya watu. Mtoto husikia matusi ambayo hayatamkiki nyumbani. Mwanamke, pindi sauti yake itambulikanapo, aweza kuandamwa kwa kejeli, na wako waliokwisha kuzima vipaza sauti vyao ili wacheze kwa amani. Na kiziwi, tangu mwanzo, hakuwa na fungu lake katika mazungumzo hayo.

Ndipo baadhi ya watengenezaji wakaishika njia ile ile ya dumna, ya kuufanya mchezo wenyewe useme. Walichokigundua kinawahusu hata watu ambao hawatacheza michezo hiyo maisha yao yote. Waligundua kwamba tabia ya watu wanapokutana hufuata sana yale waliyopewa uwezo wa kuambiana.

Salamu ya jangwani

Mfano ulio maarufu ni mchezo uitwao Journey, uliotolewa mwaka wa 2012 na kampuni ya thatgamecompany ya California, Marekani. Aliyeongoza kazi hiyo ni Jenova Chen, mzaliwa wa Shanghai, Uchina. Mchezaji huwa ni msafiri aliyevaa joho, na nyuma ya shingo yake umening'inia mtandio. Amesimama katika jangwa pana, na mbali kabisa anauona mlima wenye nuru kileleni. Hapewi maelezo ya maneno. Anaanza kwenda.

Akiwa njiani, huenda akamwona msafiri mwingine aliye kama yeye. Huyo si kiumbe cha kompyuta. Ni mwanadamu hai, aliye mahali fulani duniani, anayecheza saa hiyo hiyo. Jina lake halionyeshwi, wala hakuna nafasi ya kuandika au kuzungumza. Kilichopo ni kitufe kimoja. Ukikibonyeza, msafiri wako hutoa sauti kama ya kengele, na alama ya nuru huonekana juu ya kichwa chake. Ukikigusa kidogo, sauti huwa fupi. Ukikishikilia, huwa kubwa na hufika mbali.

Kwa sauti hiyo moja watu wamejitungia lugha. Mlio mmoja mfupi mkiwa karibu ni salamu, au ni kuitikia. Milio ya haraka haraka ni kusema njoo uone, au jihadhari. Mlio mkubwa kutoka mbali ni kuuliza, uko wapi? Sauti ni ile ile, lakini mahali na wakati ndivyo vinavyoipa maana, kama kikohozi cha mzee mlangoni ambacho kila mwenye nyumba hujua kuwa ni hodi, wala si mafua.

Zaidi ya hayo, salamu hiyo si tupu. Mtandio ule ndio unaombeba msafiri hewani, na nguvu zake huisha akiruka. Wasafiri wawili wakikaribiana na kugusana, mitandio ya wote wawili hujaa nguvu upya. Kwa hiyo kumkaribia mwenzio ni kumpa kitu, nawe ukapata. Wafikapo kwenye theluji ya mlimani, upepo mkali hudhoofisha mitandio yao, na hapo watu wasiojuana hutembea wameshikamana kama ndugu.

Nguo nazo husema. Joho la msafiri huongezeka darizi kadiri anavyoikamilisha safari tena na tena, na aliyezipata alama zote zilizofichwa aweza kuvaa joho jeupe. Mgeni akiliona joho hilo hujua amekutana na mjuzi wa njia, naye humfuata. Mchezo ukiisha, ndipo majina ya wale uliokutana nao yanapoonyeshwa. Wachezaji wengi wana ada ya kuchora moyo ardhini kwa nyayo zao kabla ya kuachana. Hakuna mtengenezaji aliyewafundisha ada hiyo, waliibuni wenyewe.

Kusukumana

Lakini mambo hayakuwa mazuri hivyo tangu awali. Katika majaribio ya kwanza, miili ya wasafiri ilikuwa mizito, na mmoja aliweza kumsukuma mwenziwe. Chen na wenzake walitumaini kwamba watu wangesaidiana kwa kusukumana wapite mahali pagumu. Matokeo yalikuwa kinyume. Waliojaribu mchezo walisukumana mashimoni, wakafurahi.

Chen amesimulia kwamba jambo hilo lilimtia huzuni, akamwendea mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Akaelezwa kuwa mtu aingiapo katika ulimwengu mpya huwa kama mtoto mchanga. Bado hajui huko lipi jema na lipi baya, hivyo hufanya lile linaloleta mshindo mkubwa zaidi, apate kuona litatokea nini. Kumtumbukiza mtu shimoni kuna mshindo mkubwa kuliko kumsaidia.

Watengenezaji hawakuweka onyo wala adhabu. Waliondoa uwezo wa kusukuma, na mahali pake wakaweka ile nguvu inayopatikana kwa kugusana. Tabia ikageuka. Watu hawakubadilishwa, kilichobadilishwa ni kile ambacho mkono uliweza kusema. Aliyekuwa hana la kumwambia mwenziwe ila kumsukuma, sasa alikuwa na la kumpa.

Kazi ya wawili

Iko michezo mingine ambayo haikuondoa mazungumzo, bali iliyaongezea ishara kwa kuwa kazi yake inahitaji usahihi. Portal 2, uliotolewa Aprili 2011 na kampuni ya Valve ya Marekani, una sehemu maalumu ya wachezaji wawili. Hao huwa roboti mbili, Atlas na P-body, ambazo hutoa sauti lakini hazina maneno. Kila moja ina bunduki ya kufungulia matundu mawili ya ajabu kutani. Uingiapo tundu la kwanza, watokea la pili. Yakiwa matundu manne kwa jumla, kusema "fungua pale" hakutoshi. Pale wapi?

Kwa hiyo mchezaji hupewa uwezo wa kuweka alama mahali anapopatazama, na mwenziwe akaiona papo hapo. Aweza pia kufungua kidirisha kinachomwonyesha yale mwenziwe anayoyaona. Na inapotakiwa wafanye jambo kwa pamoja, mmoja huanzisha hesabu inayoonekana kwa wote, ikashuka hadi mwisho, wakabonyeza kwa mara moja. Mabaharia wanaovuta kamba ya tanga wanalijua vyema jambo hili. Nguvu za watu kumi zisipokutana katika pumzi moja huwa si nguvu. Wakifaulu, roboti hupungiana mkono au kukumbatiana. Hilo halina faida yoyote katika kulitatua fumbo, lakini mshirika asiyepongezwa huchoka upesi.

Maneno ya kuchagua

Njia ya tatu inatoka Japani, kwa kampuni ya FromSoftware na mwongozi wake Hidetaka Miyazaki. Katika Demon's Souls wa mwaka 2009, Dark Souls wa 2011 na hata Elden Ring wa 2022, mchezaji hupita peke yake katika nchi ya kutisha ambamo kufa ni jambo la kila dakika. Lakini chini ameandikiwa ujumbe na waliomtangulia.

Ujumbe huo hauandikwi kwa hiari. Mchezaji huchagua sentensi iliyokwisha kutungwa, akaijaza kwa maneno yaliyomo katika orodha: adui mbele, hazina, jihadhari na nyuma yako. Mwanamke wa pwani hatashangaa. Anunuapo leso huwa hakuyatunga maneno yake. Huyachagua miongoni mwa yaliyokwisha kupigwa chapa. Ufundi wake umo katika kuchagua lipi, kulivaa siku gani na kumpitia nani mbele ya mlango. Maneno machache yaliyowekwa mahali pake husema zaidi ya barua ndefu.

Anayeusoma ujumbe aweza kuusifu ukimfaa. Katika Demon's Souls, pindi msomaji ausifupo, yule aliyeuandika hupata nafuu ya majeraha yake mahali popote alipo. Yamkini yuko katikati ya vita, damu zinamtoka, na ghafla anapata uzima kwa sababu mtu asiyemjua, upande wa pili wa dunia, amefaidika na onyo lake la juma lililopita.

Hata hivyo waongo hawakukosa. Wako waandikao "hazina mbele" ukingoni mwa genge, na mgeni aliyeamini huruka akafa. Maneno ni ya kweli katika orodha, na uwongo umo mahali yalipowekwa. Lakini mchezo umempa msomaji shahidi mwingine. Aliyekufa huacha doa la damu, na ukiligusa waona kivuli chake kikirudia dakika zake za mwisho. Basi mchezaji mwenye hekima akiona maneno ya kumwita genge na madoa ya damu yamejaa ukingoni, hujua amwamini nani. Hujifunza kwamba habari haipokewi kwa uzuri wake, bali huchunguzwa kwanza.

Miyazaki ameeleza asili ya fikira hii. Alikuwa akiendesha gari katika mlima wenye theluji, na magari yakakwama. Gari la nyuma likamsukuma la mbele, na lingine likamsukuma hilo, hata yeye akavuka. Hakuweza kusimama kushukuru, maana angekwama tena. Akabaki akijiuliza, je, yule wa mwisho katika mstari alifika nyumbani? Hatawaona tena watu wale maishani. Hisia hiyo ya kusaidiwa na mtu asiyejulikana na kuachana pasi na neno ndiyo aliyoitia katika michezo yake.

Kidole kimoja

Februari 2019, kampuni ya Respawn ya Marekani ilitoa Apex Legends, mchezo ambao vikosi vya watu watatu watatu hushindana na vikosi vingine. Humo ishara ilipigishwa hatua kubwa. Mchezaji hukielekea kitu na kubonyeza kitufe kimoja, na mchezo unafahamu wenyewe amekielekea nini. Ikiwa ni silaha, wenziwe huambiwa kuna silaha hapa. Ikiwa ni adui, huonywa. Mwenziwe naye kwa kitufe hicho hicho aweza kujibu kwamba amesikia, au kwamba kitu hicho atakichukua yeye. Ishara huonekana machoni, na mhusika wa mchezo huitamka pia kwa lugha ambayo kila mchezaji ameichagua katika chombo chake. Kwa hiyo Mfaransa na Mjapani waweza kuwa kikosi kimoja bila mkalimani.

Kwa viziwi, mabubu, na wote wasioweza au wasiopenda kusema mbele ya wageni, huo ulikuwa mlango uliofunguliwa. Agosti 2021 kampuni ya Electronic Arts, inayoimiliki Respawn, ilitangaza kwamba haitawazuia watengenezaji wengine kuitumia hataza yake juu ya mfumo huo, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, ili michezo iwafikie watu wenye ulemavu. Kampuni za biashara hazina mazoea ya kuyagawa bure yale ziwezayo kuyauza.

Tusi la ishara

Hapa yafaa tusijidanganye. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji ulimi. Katika League of Legends, mchezo wa vikosi vya watu watano watano, kuna alama ya kuuliza ambayo kazi yake ni kuwaonya wenzio kwamba adui ametoweka. Wachezaji wakaigeuza kejeli. Mwenzao akikosea, humjazia alama hizo kichwani, kana kwamba wanamwuliza, una akili kweli? Alama nyingine, ya chambo, ilizidi kutumiwa kuwadhihaki waliouawa badala ya kutega adui, na mwaka wa 2023 kampuni ya Riot Games ikaiondoa. Ndivyo ilivyo hata kwetu, ambapo mtu aweza kumtukana jirani kwa kusonya au kwa kugeuza shingo, na asipatikane shahidi wa neno lolote.

Mjapani mwingine, Hideo Kojima, alilijibu tatizo hilo kwa namna yake katika Death Stranding wa mwaka 2019. Mchezaji ni mchukuzi anayebeba mizigo katika Marekani iliyosambaratika. Hakutani na wachezaji wengine ana kwa ana, lakini ngazi waliyoiegemeza jabalini, kamba waliyoifunga, na daraja walilolijenga juu ya mto humtokea naye njiani. Barabara hujengwa kwa vifaa vinavyochangwa na watu wengi, kila mmoja kwa uwezo wake. Akilitumia daraja la mtu, aweza kumpelekea pongezi. Pongezi tu. Hakuna kitufe cha kulaumu. Mtu hujenga daraja akaenda zake, kama achimbaye kisima kando ya njia, na baadaye hupata habari kwamba wapitao wamenywa.

Swali la mzazi

Mzazi amwonapo mwanawe mbele ya kioo, swali lake huwa ni moja: umecheza saa ngapi? Swali hilo lina haki yake, kwani sala ina wakati wake, masomo yana wakati wake, na usingizi una wakati wake. Lakini halitoshi. Yafaa aulize pia: unacheza na nani, na katika mchezo huo mtu anaweza kumwambia mwenziwe nini? Aweza kumtukana? Aweza kumshukuru? Akimsaidia, kuna dalili yoyote itakayomfikia kwamba msaada wake ulimfaa mtu? Kipaza sauti kiko wazi kwa kila mpita njia, au kimefungwa? Michezo miwili yaweza kufanana kwa picha na kelele, na mmoja ukamzoesha mtoto kusukuma, na mwingine ukamzoesha kushika mkono.

Wala tusidhani ishara zaweza kushika mahali pa maneno. Kengele ya jangwani yaweza kusema niko hapa, haiwezi kusema nisamehe. Alama ya kidole yaonyesha silaha iliko, haiwezi kumwuliza mwenzio kwa nini leo ameketi kimya. Kijana aliyezoea kuelewana kwa vitufe bado anahitaji kufundishwa kuongea na mjomba wake, kumjulia hali mgonjwa na kutoa pole msibani. Hayo hayana kitufe.

Lakini kutoka kwa watengenezaji hawa tunaweza kuchukua funzo moja la kuliweka hata katika nyumba zetu, madarasa yetu na vikundi vyetu vya kazi. Wao walipoona watu wanaumizana, hawakuanza kwa kuwahubiria. Walitazama kwanza ni nini kilichokuwa rahisi kufanywa, wakakifanya kigumu. Na wema uliokuwa mgumu wakausogeza hadi chini ya kidole gumba. Mtu akipewa njia ya karibu ya kusema ahsante, mara nyingi huisema.